Mwasho wa kuumwa na wadudu: Yafaayo kufanywa nyumbani na yafaayo kuachwa

MTU hujikuna ajipatapo, husema wahenga. Methali hiyo humkumbusha binadamu aishi kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini kwa mtu aliyeumwa na mbu, viroboto au kunguni usiku kucha, ukucha ndio dawa iliyo karibu zaidi, na mara nyingi ndio unaomponza. Mdudu huchoma ngozi kwa dakika chache kisha akaenda zake. Madhara mengi yanayofuata hutokana na kujikuna.

Kipele kilichokunwa hadi kikatoa damu ni mlango ulio wazi kwa bakteria. Kwa mtoto mdogo, mlango huo unaweza kuingiza usaha, homa na, mara nyingine, ugonjwa wa figo. Ndiposa kutuliza mwasho ni sehemu ya tiba yenyewe, wala si anasa.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanyiwa nyumbani kwa vitu vya bei nafuu. Sharti ni mawili: mgonjwa au mzazi ajue ni kiumbe gani kilichosababisha mwasho, na aepuke dawa za kienyeji na za dukani zinazoiumiza ngozi kuliko mdudu alivyoiumiza.

KWA NINI NGOZI HUWASHA

Mbu anayeuma ni jike. Anapopenyeza mdomo wake ndani ya ngozi, humimina mate yenye protini zinazozuia damu kuganda, ili aweze kufyonza bila kizuizi. Mwili huzitambua protini hizo kuwa ngeni na kutoa kemikali iitwayo histamini. Kemikali hiyo hupanua mishipa midogo ya damu, ngozi ikavimba, na huamsha neva zinazopeleka ubongoni hisia ya kuwashwa. Viroboto, kunguni na utitiri wanaouma husababisha mwasho kwa njia iyo hiyo.

Kwa hivyo, mwasho si sumu ya mdudu inayochemka mwilini, kama wengi wanavyodhani. Ni jibu la mwili wenyewe. Hii ndiyo sababu watu wawili wanaweza kulala katika chumba kimoja, mmoja akaamka amejaa vipele na mwenzake asiwe na hata alama moja, ilhali wote wawili waliumwa. Watoto huvimba zaidi kwa kuwa miili yao haijazoea mate ya wadudu. Mtu aliyeumwa na mbu wa aina moja kwa miaka mingi huweza kufikia hali ya kutovimba kabisa.

Kujikuna hutuliza mwasho kwa muda kwa sababu maumivu huifunika hisia ya kuwashwa. Lakini ngozi iliyokwaruzwa huvimba zaidi, na mwasho hurejea ukiwa mkali kuliko awali.

Kwenye ngozi nyeusi, wekundu unaotajwa katika vitabu vingi vya tiba hauonekani kwa urahisi. Mahali palipovimba huweza kuonekana peusi zaidi au pa rangi ya zambarau. Njia ya hakika ni kupapasa kwa mgongo wa kiganja na kuhisi kama pana joto, ugumu au uvimbe. Aidha, ngozi nyeusi iliyokunwa sana hubaki na mabaka meusi ambayo huchukua miezi kadhaa kufifia.

NI KIUMBE GANI KILICHOUMA?

Mahali vipele vilipo na jinsi vilivyojipanga hutoa fununu nzuri.

Mbu huuma popote palipo wazi, na vipele vyake hutawanyika bila mpango. Uvimbe hutokea baada ya dakika chache na kwa kawaida huisha katika siku chache.

Viroboto huruka kutoka sakafuni au kwa mbwa na paka, kwa hiyo huuma zaidi kwenye vifundo vya miguu na miundi. Vipele vyao ni vidogo, vigumu, na hukaa kwa vikundi. Kiroboto aliye katika hali ya bundo huweza kusubiri kwa miezi ndani ya nyumba iliyofungwa, kisha akatoka mara tu anapohisi mtikisiko wa watu wanaorejea. Basi si ajabu familia kushambuliwa siku ileile inaporudi kutoka safari ndefu.

Kunguni huuma usiku, kwenye uso, shingo, mikono na mabega. Mara nyingi alama zao hufuatana kwa mstari. Kwa baadhi ya watu, uvimbe hutokea siku kadhaa baada ya kuumwa, jambo linalowafanya wamsingizie mdudu mwingine. Ushahidi wa kunguni hutafutwa kitandani: vitone vyeusi vya kinyesi kwenye mishono ya godoro, maganda waliyoyavua, na madoa ya damu kwenye shuka. Kunguni hawajathibitishwa kuwaambukiza binadamu magonjwa, lakini huwanyima usingizi.

Utitiri wa kuku ni wadogo mno kiasi kwamba ni vigumu kuwaona. Hukaa katika viota na nyufa za banda, hufyonza damu ya ndege usiku, na huingia nyumbani ndege wanapohama au kuchinjwa. Humuuma binadamu lakini hawaishi katika ngozi yake. Mwasho unaoanza baada ya kuokota mayai au kufagia banda huwaelekea hao.

Funza ni aina ya kiroboto ambaye jike lake huzama kwenye ngozi, hasa ya vidole vya miguu, kando ya kucha na kwenye kisigino. Mwasho wake huambatana na uvimbe mweupe wenye kitone cheusi katikati. Kumchokoa kwa pini au sindano inayotumiwa na watu wengi ni hatari, kwani kifaa hicho huweza kuhamisha virusi na bakteria kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine, na kidonda huweza kuingiwa na pepopunda. Mgonjwa anafaa kupelekwa kituo cha afya. Huko, mafuta ya dimetikoni, ambayo humwua funza bila kumchokoa, yamedhihirika kuwa tiba nzuri.

Nzi wa Nairobi, licha ya jina lake, si nzi, na wala haumi. Ni mbawakavu mwembamba mwenye rangi nyeusi na nyekundu, ambaye huongezeka baada ya mvua kubwa, kama ilivyotokea nchini mwaka wa 1998 baada ya mvua za El Niño. Sumu imo ndani ya mwili wake, na humwagika anapopondwa juu ya ngozi. Atuapo mwilini apulizwe au apeperushwe kwa karatasi, asipigwe kofi. Akiwa amekwisha kupondwa, mahali hapo paoshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, na mkono usiguse macho. Malengelenge huweza kutokea baada ya siku moja au mbili.

HATUA ZA KWANZA

Kwanza, mahali palipoumwa paoshwe kwa maji safi na sabuni. Kupe akiwa angali ameng'ang'ania, ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kuvutwa polepole moja kwa moja. Asichomwe kwa moto wala kupakwa mafuta ya taa.

Pili, papozwe. Baridi hupunguza uvimbe na kuzituliza neva zinazopeleka hisia ya kuwashwa. Kitambaa safi kilichochovywa katika maji baridi kiwekwe juu ya kipele kwa dakika 10 hivi, na kurudiwa kila mwasho unapozidi. Asiye na friji anaweza kutumia maji ya mtungini, ambao hupoza maji kwa kuyafanya yavukize kupitia kuta zake. Barafu ifungwe ndani ya kitambaa. Ikiwekwa moja kwa moja juu ya ngozi huweza kuiunguza.

Tatu, kucha zikatwe fupi na kusafishwa. Mwasho ukizidi kabisa, ni heri kubonyeza au kupigapiga kipele taratibu kwa kiganja kuliko kukikwaruza. Nguo laini za pamba zisizobana huipunguzia ngozi msuguano na jasho, ambavyo huchochea mwasho.

Maji ya moto hayafai. Wengi huyapenda kwa kuwa huondoa mwasho kwa muda, lakini hukausha ngozi, na mtoto huweza kuungua kwa haraka.

DAWA ZA DUKANI

Losheni ya kalamini, ile ya rangi ya waridi iliyozoeleka nyumbani tangu enzi za kina nyanya, hupoza ngozi inapokauka. Ni ya bei nafuu na salama kwa watu wengi, mradi isipakwe kwenye macho, mdomo au kidonda kilicho wazi.

Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 hupunguza uvimbe na mwasho. Hupakwa kwa uchache, mara moja au mbili kwa siku, kwa muda usiozidi juma moja. Haifai kupakwa usoni au penye usaha, na mtoto asipakwe bila ushauri wa daktari au mfamasia.

Tahadhari kubwa inahitajika kuhusu krimu zenye steroidi kali ambazo huuzwa ovyo masokoni, nyingine zikinadiwa kuwa za kung'arisha ngozi. Krimu hizo huikonda ngozi zikitumiwa kwa muda mrefu. Isitoshe, mtu mwenye upele anapozipaka, mwasho na vipele hufifia ilhali vijidudu vinaendelea kuzaana, hata ugonjwa ukawa mgumu kutambulika.

Vidonge vya kupunguza mzio huzuia kazi ya histamini. Setirizini kwa kawaida haileti usingizi mwingi, na mtu mzima humeza miligramu 10 mara moja kwa siku. Klofeniramini, ambayo Wakenya wengi huijua kwa jina la Piriton, huleta usingizi. Anayeimeza asiendeshe gari, bodaboda wala mashine. Mtoto mdogo, mjamzito na mwenye maradhi ya kudumu wamwone mhudumu wa afya kabla ya kutumia yoyote kati ya hizo.

YA JIKONI NA BUSTANINI

Magadi laini ya kuokea keki na maandazi, yakichanganywa na maji kidogo hadi yawe kama uji mzito, huwatuliza baadhi ya watu. Hupakwa kwa dakika 10 kisha huoshwa. Hayo yasichanganywe na magadi ya mawe yanayotumiwa kulainishia githeri na mboga, ambayo ni makali zaidi na huweza kuichubua ngozi.

Utomvu mweupe ulio kama gundi ndani ya jani la mshubiri hupoza ngozi. Hata hivyo, ule wa manjano utokao chini ya ganda la jani huweza kuleta mwasho mpya. Jani likatwe, liachwe lichuruzike na kuoshwa kwanza. Maji ya majani ya mwarubaini yametumiwa kwa vizazi vingi kuogea, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya dawa ya upele iliyothibitishwa. Mafuta ya mwarubaini yasinyweshwe mtoto kamwe, kwani yamewahi kusababisha sumu kali kwa watoto wachanga.

Yapo mambo ambayo hayana nafasi kabisa juu ya ngozi ya binadamu. Mafuta ya taa huichoma ngozi, na hushika moto. Dawa ya kung'arishia nguo huunguza. Dawa ya kunyunyizia wadudu chumbani haikutengenezwa kupakwa mwilini. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo baadhi ya watu huitumia dhidi ya chawa na upele wakidhani kwamba kinachomfaa ndama hakiwezi kumdhuru mtoto, hupenya ngozi na kuingia katika damu, na inaweza kuua. Dawa ya meno hupoza kwa muda lakini huwasha ngozi iliyochubuka. Majivu ya moto na chumvi juu ya kidonda huongeza maumivu bila faida.

UPELE NI JAMBO JINGINE

Mwasho unaozidi usiku, unaodumu kwa majuma na unaowapata watu kadhaa katika nyumba moja haufai kudhaniwa kuwa ni wa mbu. Huenda ukawa upele, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuingiza mwaka wa 2017 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa. Shirika hilo hukadiria kuwa zaidi ya watu milioni 200 ulimwenguni wanaugua upele wakati wowote ule.

Upele husababishwa na utitiri wa aina yake, ambaye jike lake huchimba vijihandaki chini ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai mawili au matatu kwa siku. Mgonjwa wa kawaida huwa na utitiri 10 hadi 15 tu mwili mzima. Mwasho mkali hutokana na mwili kuwakataa wao, mayai yao na kinyesi chao. Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa majuma manne hadi sita kabla ya kuanza kuwashwa, na katika muda huo huwaambukiza wengine bila kujua.

Vipele hutafutwa katikati ya vidole vya mikono, kwenye viwiko, vifundo vya mikono, makwapani, kiunoni, matakoni, kwenye chuchu na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga huonekana pia kwenye viganja, nyayo na kichwa.

Uchafu si chanzo cha upele. Utitiri huyo hupita kutoka ngozi moja hadi nyingine watu wanapogusana kwa muda mrefu, kama vile kulala kitanda kimoja, na hata mtu anayeoga mara mbili kwa siku huweza kuupata. Aibu inayouzunguka ugonjwa huu huwafanya wazazi kuuficha na wanafunzi wa mabweni kunyamaza, na hivyo kuurefusha.

Baridi, kalamini na vidonge vya mzio hutuliza mwasho wa upele, lakini haviuponyi. Dawa zinazoua utitiri ni pamoja na krimu ya pemethrini ya asilimia 5, dawa ya maji ya benzaili benzoati, mafuta yenye salfa, na vidonge vya ivamektini, ambavyo hutolewa kwa ushauri wa daktari na kwa kawaida haviruhusiwi kwa wajawazito wala watoto wenye uzani ulio chini ya kilo 15.

Pemethrini hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, hata mahali pasipo na vipele, chini ya kucha na katikati ya vidole. Kwa watoto wachanga na wazee, kichwa pia hupakwa, ila si karibu na macho na mdomo. Huachwa kwa saa 8 hadi 14, yaani usiku kucha, kisha mtu akaoga. Anayenawa mikono kabla ya muda huo ajipake upya mikononi. Tiba hurudiwa baada ya juma moja ili kuwaua walioanguliwa baadaye.

Kosa linaloigharimu familia pesa na usingizi ni kumtibu anayejikuna pekee. Watu wote wanaoishi pamoja sharti watibiwe siku moja, hata wasiowashwa. Asipofanyiwa hivyo mmoja, ugonjwa humzunguka kila mtu tena. Siku hiyo hiyo, nguo, shuka na taulo zilizotumiwa katika siku tatu zilizotangulia zifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi. Zisizofulika zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa juma moja, kwa kuwa utitiri huyo hufa baada ya siku mbili au tatu nje ya mwili wa binadamu.

Mwasho huweza kuendelea kwa majuma mawili hadi manne baada ya utitiri wote kufa. Hilo halimaanishi kwamba dawa imeshindwa, na mgonjwa asijipake tena na tena kwa hofu. Vipele vipya vikitokea baada ya muda huo, arudi kliniki.

MTOTO ANAPOWASHWA

Mtoto mdogo hawezi kuambiwa asijikune akatii. Anachoweza mzazi ni kumkata kucha, kumvisha soksi mikononi usiku, kumpoza kwa kitambaa kabla ya kulala na kumpa jambo la kuishughulisha mikono yake mchana.

Kila kipele kilichochubuka kioshwe na kukaguliwa kila siku. Ukoko wa rangi ya asali, usaha, joto au uvimbe unaosambaa ni ishara kwamba bakteria wameingia, na mtoto anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya. Baadhi ya bakteria hao huweza kusababisha uvimbe wa figo majuma machache baadaye. Mtoto aliyekuwa na vidonda vya ngozi, kisha akavimba uso au miguu, au mkojo wake ukawa mwekundu au wa rangi ya kahawia, apelekwe hospitalini bila kukawia.

DALILI ZA KUTOSUBIRI

Mtu aliyeumwa na mdudu, au kudungwa na nyuki au nyigu, akianza kupumua kwa shida, kuvimba midomo au ulimi, kuishiwa nguvu au kutapika, hiyo ni dharura. Akimbizwe hospitalini papo hapo. Asisubiri kidonge kifanye kazi.

Homa katika siku au majuma yanayofuata kuumwa na mbu nayo isipuuzwe, hasa kwa wakazi wa Pwani na eneo la Ziwa Viktoria au wasafiri waliotoka huko. Vipimo vya malaria vifanywe siku hiyo. Homa inayoambatana na maumivu makali ya viungo huweza kuwa dengue au chikungunya, ambayo ilizuka Lamu mwaka wa 2004 na kufika Mombasa.

KUNG'OA CHANZO

Hakuna losheni inayoweza kumshinda mdudu anayerudi kila usiku. Chandarua kilichotiwa dawa, kikichomekwa vyema chini ya godoro, huwazuia mbu. Maji yaliyotuama katika makopo, magurudumu na mapipa yasiyofunikwa yamwagwe.

Dhidi ya viroboto, mbwa na paka watibiwe kwa dawa ya mifugo, matandiko yao yafuliwe, na sakafu ifagiliwe kila siku, pembe zote zikiwemo. Dhidi ya utitiri wa kuku, banda lisafishwe, viota vya zamani vichomwe, na nyufa zizibwe.

Kunguni ndio wakaidi zaidi. Huweza kuishi kwa miezi bila kula, na wengi wamekuwa sugu kwa dawa za kawaida za kunyunyizia. Joto ndilo adui wao mkuu: shuka na nguo zifuliwe kwa maji yenye joto la nyuzi 60, chaga na maungio ya kitanda yamwagiwe maji yanayochemka, na kazi hiyo irudiwe kila juma hadi dalili ziishe. Godoro au kiti kuukuu kilichookotwa au kununuliwa kwa mtu kikaguliwe mishononi kabla hakijavuka kizingiti cha nyumba.